Klabu za joging ziache kujifanya benki

Klabu ya joging ya mtaani, hizi za Temeke, Mbagala, Kinondoni na Tabata, ina mali ambayo vituo vingi vya misaada havina namna ya kuinunua: watu thelathini, hamsini, mara nyingine mia, wazima wa mwili, wanaokutana kila wiki, saa ileile, mahali palepale, na hakuna anayewalipa. Wanaamka alfajiri kwa hiari yao. Wana mwenyekiti, katibu na mhazini. Wana kundi la WhatsApp ambalo asiyefika anaulizwa yuko wapi, na wana kiongozi wa mbio ambaye akipuliza filimbi wote wanapanga mistari. Nidhamu ya namna hiyo ni nadra kuikuta nje ya kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT).

Sasa tazama inavyokuwa klabu hiyohiyo ikiamua kusaidia jamii. Mali yote hiyo inaachwa nyumbani. Wanachama wanachangishana, fulana mpya zinachapishwa, spika inakodiwa, bango linatengenezwa, mgeni rasmi anatafutwa, na fedha iliyobaki inanunua mchele, sukari, mafuta ya kula na katoni za sabuni. Msafara unakwenda kwenye kituo cha watoto yatima, picha zinapigwa, mgeni rasmi anasema maneno mawili matatu ambayo hugeuka thelathini, kisha watu wanakwenda kunywa supu. Kituo kile hakiwaoni tena mpaka mwakani, na pengine mwakani ni zamu ya kituo kingine.

Piga hesabu ndogo. Klabu ya watu 40, fulana moja shilingi 15,000, ni shilingi 600,000 kabla ya kununuliwa kilo moja ya mchele. Ongeza spika, basi dogo la kukodi na maji ya chupa. Mara nyingi gharama ya kwenda kutoa inaizidi zawadi yenyewe, na mhazini anajua, ila nani aseme mbele ya mgeni rasmi?

Najua tulikoiga. Kwa miaka hii ya karibuni mbio na misaada vimefungana katika akili zetu kwa sababu ya mbio kubwa za kampuni. Benki ya CRDB ilianza mbio zake Dar es Salaam mwaka 2020 ikichangia matibabu ya watoto wenye matatizo ya moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Benki ya NBC ikaja na za Dodoma, ikabeba saratani ya mlango wa kizazi. Nairobi walitutangulia: mbio za Standard Chartered zilianza 2003 zikiwa na ajenda ya upofu unaozuilika, Hospitali ya Mater ina mbio zake za kuchangia upasuaji wa moyo kwa watoto, na mwaka 2014 Margaret Kenyatta, akiwa mke wa Rais, alikimbia marathoni ya London kutafuta fedha za kliniki zinazotembea kwa ajili ya kaunti zote 47. Alitumia saa kama saba kumaliza, na hakuna aliyemcheka, kwa kuwa magari ya kliniki yalionekana.

Sina ugomvi na mbio hizo. Moyo wa mtoto haufunguliwi kwa wingi wa watu wenye nia njema. Unahitaji daktari bingwa, mashine na vifaa vya bei kubwa, na hapo fedha ndiyo dawa. Benki ina wateja, ina wadhamini, ina matangazo, inaweza kukusanya mamilioni kwa asubuhi moja. Inafanya kazi inayoiweza.

Klabu ya Mtoni kwa Aziz Ally haina wadhamini. Ikiiga muundo wa benki inapata kivuli chake: mgeni rasmi mdogo, hundi ndogo ya mfano, bango dogo. Inaacha kile ambacho benki, kwa utajiri wake wote, haiwezi kukitoa, yaani kurudi wiki ijayo.

Nimesimama mlangoni mwa stoo ya makao ya watoto katika moja ya wilaya za Dar es Salaam, wiki chache baada ya Sikukuu. Rafu mbili zilijaa sabuni za unga na miche mpaka juu. Kando yake kulikuwa na viroba vya mchele, kimoja kimeanza kupata fukusi. Mama mlezi alinionyesha kwa kujivunia, kisha akanipeleka nyuma. Koki ya tangi la maji ilikuwa imefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mlango wa choo cha wavulana ulikuwa umeegeshwa, bawaba zimekatika. Umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, ulikuwa umekwisha tangu jana yake. Nikamuuliza kama wageni wa Sikukuu huwa wanaulizia mambo hayo. "Wageni wanakuja na risala, mwanangu," akasema, "hawaji na bisibisi."

Kwa kituo cha namna hiyo mafundi wawili na wasaidizi sita wanaofika kila Jumamosi ya pili ya mwezi wana thamani kubwa kuliko viroba vitano vinavyokuja kwa pamoja mwezi Desemba. Klabu zetu zimejaa mafundi! Joging ya mtaani haina ubaguzi wa kazi: humo kuna fundi bomba, seremala, fundi umeme, mwalimu wa hesabu, muuguzi, dereva wa bodaboda, mama lishe. Wakiwa kwenye mstari wanakimbia wote sawasawa, ndiyo maana tunasahau kwamba kila mmoja ana ufundi wake.

Wapo watu waliolifikiria jambo hili mapema. Mashariki mwa London, eneo la Tower Hamlets, mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, Ivo Gormley alianzisha kundi linaloitwa GoodGym. Wazo lake lilikuwa jepesi mno: watu wanalipa fedha kwenda jimu kutoa jasho kwa kuinua vyuma na kuvirudisha palepale, wakati mtaa wa pili kuna kazi inayohitaji jasho hilohilo. Basi wakaanza kukimbia hadi kwenye kazi. Wanakutana jioni ya siku ya kazi, wanakimbia kilomita chache, wanafika kwenye bustani ya jamii au ghala la chakula cha msaada, wanahamisha udongo, wanapanga makopo, wanapaka rangi uzio kwa muda usiozidi saa, kisha wanakimbia kurudi. Leo wapo katika miji mingi ya Uingereza.

Kilichonivutia zaidi kwao ni utaratibu wao wa wazee. Mkimbiaji anapangiwa mzee mmoja anayeishi peke yake, na mara moja kwa wiki anakimbia hadi kwake, anakaa naye kidogo wakizungumza, anarudi. Yule mzee ndiye anayeitwa kocha. Kama kuna mtu anakusubiri saa kumi na moja jioni, hutajifanya mgonjwa siku ya mvua. Mzee anapata mtu wa kuongea naye, kijana anapata sababu ya kutoka nje, na hakuna anayejiona amepewa sadaka. Kabla ya kumruhusu mtu kuingia nyumbani kwa mzee, wanamchunguza kwanza kumbukumbu zake za kipolisi. Hilo la mwisho nitalirudia.

Mtu ataniambia hizo ni shida za Wazungu, sisi wazee wetu hawaishi peke yao. Kweli, makazi ya wazee kama ya Nunge kule Kigamboni yanabeba wachache tu. Wengi wako nyumbani. Lakini wako na nani? Bibi wa Tandika anayelea wajukuu watatu hana upweke wa London. Ana dumu za maji zisizobebeka, ana taa iliyoungua darini tangu mwezi uliopita, ana kadi ya kliniki ya presha na hana wa kumsindikiza. Mjumbe wa shina anazijua nyumba hizo kwa majina. Klabu inayopita mtaa huo kila Jumapili ikipiga filimbi na kuimba haijawahi kumuuliza. Vijana wawili wakichepuka kwenye mstari, wakapiga hodi, "Shikamoo bibi, maji yamefika?", wakajaza pipa, wakaunga tena msafara ukirudi, wamepoteza dakika kumi na tano za joging na wamefanya mazoezi ya mikono ambayo kukimbia hakuyatoi.

Kuna suala la tarehe, na hapa ndipo nadhani tunakosea kuliko mahali pengine popote. Chukua mitaro. Kila mwaka Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni, klabu zinatoka na mafagio na reki, fulana za kijani, kuzibua mitaro ya Jangwani, Kigogo, Buguruni. Masika ya Dar es Salaam yanaanza Machi yanakwisha Mei. Yaani tunazibua mtaro baada ya maji kuingia ndani ya nyumba za watu, magodoro yakishaanikwa na kukauka. Chupa za plastiki zilizoziba kalavati zilikuwepo Februari, zinaonekana na kila anayekimbia pale asubuhi. Anayekimbia ndiye mtu wa kwanza mjini kujua mtaro gani umejaa, kwa sababu ndiye anayeuruka. Klabu ikigawa njia yake ya mazoezi vipande vinne, ikazibua kipande kimoja kila Jumamosi ya Februari, ikakubaliana na serikali ya mtaa taka zizolewe siku hiyohiyo, hakuna gazeti litakaloandika. Taka zikiachwa pembeni ya mtaro, mvua ya kwanza itazirudisha ndani, kwa hiyo hilo la kuzoa lisipopangwa ni afadhali watu wakimbie tu.

Damu ni mfano ulio wazi zaidi. Klabu nyingi huchangia damu mara moja kwa mwaka, aghalabu karibu na Siku ya Wachangia Damu Duniani, 14 Juni, kwa mbwembwe zote. Ni jambo jema. Lakini damu ina muda wake wa kuishi: chembe nyekundu zinahifadhiwa kati ya siku 35 na 42, kutegemea dawa iliyomo kwenye mfuko. Chupa zilizotolewa zote kwa pamoja tarehe 14 Juni, mwisho wa Julai hakuna hata moja inayofaa. Mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua mwezi Septemba hasaidiwi na bonanza la Juni. Halafu sehemu kubwa ya wachangiaji wa hiari nchini ni wanafunzi. Shule zikifungwa, Desemba hasa, akiba inashuka, na ni Desemba hiyohiyo ambapo barabara zinajaza wodi za majeruhi.

Kwa taratibu za Mpango wa Taifa wa Damu Salama, mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne, awe na umri kati ya miaka 18 na 65 na uzito usiopungua kilo 50. Klabu yenye wachangiaji 24 ikijigawa makundi manne ya watu sita, kila mwezi kundi moja likaenda, zamu inarudi kwa kila kundi baada ya miezi minne. Hiyo ni chupa sita kila mwezi, chupa 72 kwa mwaka, hakuna mwezi mtupu, na hakuna aliyevuka kiwango. Nani mwingine mtaani ana daftari la watu wanaojulikana kwa majina na namba za simu, wanaofika bila kubembelezwa?

Wakimbiaji wana hofu yao hapa na ni ya haki. Ukichangia leo, kesho usikimbie kwa nguvu. Maji ya mwilini yanarudi ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu zinachukua wiki kadhaa, na wiki ya kwanza utakihisi kila kilima. Anayejiandaa na Kilimanjaro Marathon ya mwisho wa Februari asiwekwe kwenye kundi la Januari wala Februari. Ndiyo faida ya kuwa na makundi manne.

Narudi kwenye suala la uchunguzi. Kila klabu ninayoifahamu inapenda kutembelea watoto, na kila mwanachama anapofika anapenda kumbeba mtoto na kupiga naye picha. Tuliangalie kwa macho makavu. Mtoto wa miaka minne aliyekwisha kuachwa mara moja anabebwa Jumapili na mtu mwenye tabasamu, anamzoea, na yule mtu harudi. Jumapili nyingine anakuja mwingine. Kisha sura ya mtoto inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Instagram chini ya maneno "yatima tuliowatembelea". Tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotaka heshima na faragha ya mtoto ilindwe, na afisa ustawi wa jamii wa kata yupo kwa ajili hiyo. Ushauri wangu kwa klabu ni kuacha kucheza na watoto. Tengenezeni mlango wa choo. Limeni bustani ya mchicha. Kama kuna mwalimu miongoni mwenu anayetaka kufundisha hesabu, apitie kwa afisa ustawi, ajulikane, afundishe mwaka mzima mbele ya mlezi, chumba kikiwa wazi. Kituo kisichouliza mgeni ni nani kabla ya kumruhusu kuingia ndicho cha kuogopa, hata kama kinakukaribisha kwa nyimbo.

Vituo navyo vina lawama zao. Ukipeleka watu arobaini mahali ambapo kuna majembe matatu, umepeleka watazamaji 37. Mlezi anaacha kupika ili awahudumie wageni viti. Wapo viongozi wa vituo ambao hawataki mikono kabisa, wanataka bahasha, na huwa wepesi kusema "hatuna kazi" huku mlango umeegeshwa. Wengine wanaona haya kumwambia mgeni shida halisi, wanapokea sabuni ya mia moja kwa shukrani ileile. Kazi ya kujitolea inahitaji mtu wa upande wa pili anayesema tuna kazi hii, ya watu wanane, saa mbili, leteni nyundo na misumari ya inchi tatu. Bila huyo, ni heri klabu ipeleke watu wanane tu na wengine waendelee na mbio zao.

Kuna wanaotaka jambo hili litiwe nguvu kutoka juu, klabu zote ziamriwe kufanya kazi za jamii. Mimi nalikataa. Tumeona usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ulivyokwenda: ulianza kwa moyo, tangu ile tarehe 9 Desemba 2015 Rais Magufuli alipobadili sherehe za Uhuru kuwa siku ya kufanya usafi, na baadaye sehemu nyingi ukabaki kuwa asubuhi ya maduka kufungwa na wenye maduka kukaa kibarazani wakisubiri saa nne ifike. Rwanda wana umuganda, yaani kazi za jamii za pamoja, wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wenye sheria nyuma yake, na unafanya kazi kwa namna yao. Klabu ya joging ni kitu kingine. Mtu anayeshinda kiwandani siku sita anakuja Jumapili kutafuta afya na kicheko. Ukimgeuzia mazoezi yake kuwa shurti, atabaki kitandani, na atakuwa na haki.

Na wanasiasa. Mwaka wa uchaguzi klabu huchipuka kama uyoga, fulana zinatoka zisikojulikana, na "kusaidia jamii" kunakuwa kumsaidia mtu fulani ajulikane jimboni. Klabu inayofanya kazi ndogo kila mwezi kwenye kituo kilekile haimfai mwanasiasa wa namna hiyo, kwa kuwa hakuna jukwaa, na mtaro wa Februari hauna kamera. Kwangu hiyo ni sababu nyingine ya kuipendelea njia hii.

Anayetaka kuanza aanze bila fulana. Katibu na kiongozi wa mbio waende kituoni siku ya kazi, wasiende na zawadi yoyote, waulize mambo matatu: kazi gani hapa hukosa mtu, siku gani inafaa, na zana zipi hazipo. Kituo kiwe ndani ya umbali ambao klabu inakimbia kwa kawaida. Kikihitaji basi, kiko mbali mno. Klabu iahidi miezi sita tu, isiahidi mwaka. Fedha ambayo ingenunua fulana inunue toroli, majembe, nyundo na glavu, vikae kwa mhazini. Wanachama wasiotaka waendelee kukimbia na kwenda zao kunywa supu bila kusemwa. Hata wanane wakibaki kati ya arobaini, mlango wa choo una bawaba mbili tu.